Walikojifunzia Kusema: Kirusi na Kijerumani Nje ya Darasa, tangu Novgorod hadi Leo

Mwanafunzi anayesoma Kijerumani jijini Nairobi au Kirusi jijini Dar es Salaam hufika mahali ambapo kitabu kinamwacha njiani. Minyambuliko ya vitenzi ameikariri, jinsia za nomino anazijua, mtihani ameufaulu. Mtu wa kuzungumza naye hana. Hulihesabu tatizo hilo kuwa lake peke yake, au la mji wake, au la ufukara wa shule yake. Historia inasema vingine. Kwa zaidi ya miaka 800 wenye lugha hizi mbili wamekuwa majirani, wakiuziana, wakioana na kupigana, na katika muda wote huo nafasi ya kuzisema pamoja na wenyewe ilikuwa mali yenye mlinzi mlangoni. Walioipata waliwanyima wengine; serikali ziliitoa na kuitwaa; vita viliifunga kwa usiku mmoja. Darasa lilikuja baadaye sana, na hata lilipokuja halikuliondoa swali la nani ataruhusiwa kukaa na nani.

Mwishoni mwa karne ya 12 wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa na kituo chao katika mji wa Novgorod, kaskazini-magharibi mwa Urusi, kando ya mto Volkhov. Kituo hicho kilijulikana kama Peterhof, kwa jina la kanisa la Mtakatifu Petro lililokuwa ndani yake, kanisa ambalo lilikuwa mahali pa sala na pia ghala la mali. Waliingia kwa misimu miwili, wa baridi na wa kiangazi, wakileta nguo za Flanders, chumvi na fedha, wakiondoka na manyoya na nta. Usiku malango yalifungwa na mbwa wakaachiliwa. Lakini biashara haifanywi na mtu asiyejua mwenzake anasema nini, na mkalimani wa kukodi anaweza kuhongwa. Kwa hiyo miji ya Hansa, yaani muungano wa miji ya biashara ya Bahari ya Baltiki, ilianza kuwapeleka vijana wao wakaishi katika nyumba za Warusi ili waifunze midomo yao lugha ya mnunuzi. Hapakuwa na mwalimu wala ubao. Kijana alikula mezani kwa wenyeji, akabeba mizigo pamoja na watoto wa nyumba, akasikia matusi na sala, na baada ya muda akarudi kwa tajiri wake akiwa na masikio mapya. Hansa waliithamini elimu hiyo kiasi cha kuiwekea sheria: katika karne ya 14 waliamua kwamba aliyepita miaka 20 asiruhusiwe kujifunza Kirusi, na katika karne ya 15 walijitahidi kuwazuia Waholanzi, washindani wao, wasipate kujifunza lugha hiyo kabisa. Mwenye kufikiri kwamba kujifunza lugha ni jambo la hiari ya mtu na juhudi zake na aitafakari sheria hiyo. Waliojua faida ya kuzungumza walijua pia faida ya kuwaziba wengine midomo.

Mwaka 1494 Mfalme Ivan III wa Moscow, aliyekwisha kuiteka Novgorod, alikifunga kituo cha Wajerumani, akawakamata wafanyabiashara na kuzitwaa mali zao. Kituo kilifunguliwa tena baadaye, ila enzi yake haikurudi. Biashara ikahamia miji mingine, hasa Pskov na miji ya Livonia, kando ya Bahari ya Baltiki, na pamoja nayo ikahama desturi ya kijana kuishi na wenyeji. Kutoka zama hizo umetubakia ushahidi mmoja wa thamani kubwa: mswada wa mfanyabiashara Tönnies Fenne, ulioandikwa Pskov mwaka 1607 na ambao sasa umehifadhiwa katika Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen. Ni mkusanyiko wa maneno na sentensi za Kirusi zenye tafsiri ya Kijerumani cha kaskazini. Kanuni za sarufi ndani yake ni chache. Kilichojaa ni maneno ya kinywani: namna ya kupatana bei, kulalamikia mali mbovu, kudai deni, kumtuhumu mwenzako udanganyifu na kumwalika mezani baada ya ugomvi. Wanaisimu wa leo wanauthamini mswada huo kwa sababu umenasa Kirusi cha sokoni, ambacho makarani wa kanisa na wa ikulu hawakukiandika. Fenne hakukusudia kuwafaa wanaisimu. Alikusudia asipunjwe.

Karne ya 17 iligeuza mwelekeo wa safari. Sasa Wajerumani ndio waliokwenda kukaa Moscow kwa wingi, wakiwa maafisa wa jeshi, mafundi, matabibu na wauza dawa. Kanisa la Urusi liliwatazama kwa shaka, likihofia imani yao na mavazi yao, na mwaka 1652 Mfalme Aleksei aliamuru wageni wahamishiwe kitongoji cha pekee kando ya mto Yauza, nje ya mji. Kusudi lilikuwa kuwatenga. Matokeo yake yalikuwa kinyume, kwani kitongoji kile kiligeuka kuwa kipande cha Ulaya kinachofikika kwa miguu. Mwana wa Aleksei, ambaye dunia inamjua kama Peter Mkuu, alikipenda tangu ujana wake. Huko alikuwa na rafiki zake Franz Lefort wa Uswisi na Patrick Gordon wa Scotland, na mpenzi wake Anna Mons, binti wa familia ya Kijerumani. Alichojifunza cha Kijerumani na Kiholanzi alijifunza katika karamu, karakana na mashua, na alipofunga safari yake kubwa ya Ulaya mwaka 1697 alikwenda akiwa na lugha ya mabaharia na maseremala. Ukuta uliojengwa ili kuwazuia wageni wasiwaharibu Warusi ndio uliomlea mfalme aliyeibadilisha Urusi. Majaribio ya kutenga watu yana kawaida ya kuwasaliti wenyewe.

Karne ya 18 inatupa wanafunzi wawili waliokwenda pande tofauti, na habari za wote wawili zimeandikwa vizuri. Wa kwanza ni Mikhail Lomonosov, mtoto wa mvuvi kutoka kaskazini ya mbali, aliyepelekwa na Chuo cha Sayansi cha Sankt Petersburg mwaka 1736 akasome katika chuo kikuu cha Marburg chini ya Christian Wolff. Mihadhara ya Wolff ilimpa fizikia na falsafa. Kijerumani cha kila siku alikipata alipopanga, katika nyumba ya mjane aitwaye Zilch, ambako alimpenda binti wa nyumba, Elisabeth, akamwoa mwaka 1740. Madeni yake yalikuwa mengi, ugomvi wake na wakuu wake ulikuwa mkali, na kuna wakati alinaswa na waandikishaji wa jeshi la Prussia akalazimika kutoroka. Aliporudi Urusi mwaka 1741 alikuwa anakimudu Kijerumani kama mtu aliyeishi ndani yake, na baadaye yeye huyo ndiye aliyeiandikia lugha ya Kirusi sarufi kubwa iliyochapwa miaka ya 1750. Wakati ule ule binti wa Kijerumani, Sophie, mzaliwa wa Stettin, alifika Urusi mwaka 1744 akiwa na umri wa miaka 14 ili aolewe na mrithi wa kiti. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba aliamka usiku, akatembea peku chumbani akikariri masomo yake ya Kirusi, mpaka akashikwa na ugonjwa wa kifua uliokaribia kumwua. Mama yake alitaka aitwe mchungaji wa Kilutheri. Mgonjwa akaomba aitwe Simon Todorsky, kasisi wa Kiorthodoksi, ambaye naye aliwahi kusoma Halle, Ujerumani. Habari zikaenea ikulu na mjini kwamba binti mgeni amejihatarisha kwa ajili ya lugha yao. Miaka 18 baadaye alikuwa Malkia Catherine II. Wajanja husema ulikuwa mwanzo wa siasa zake, na huenda ni kweli. Hata hivyo sentensi zile alizikariri.

Catherine huyo alitoa tangazo mwezi Julai 1763 la kuwaalika wageni waje kulima ardhi ya Urusi, na maelfu kwa maelfu ya Wajerumani wakahamia kingo za mto Volga. Walipewa uhuru wa dini, msamaha wa kodi kwa muda na ruhusa ya kujitawala vijijini. Kwa hiyo walikaa Urusi kwa vizazi vitatu na vinne wakisema Kijerumani cha mababu zao, na wengi wao Kirusi kiliwapita pembeni. Kuwa karibu na wenye lugha hakukutosha palipokosekana haja ya kukaa nao meza moja.

Karne ya 19 ilileta reli, posta ya uhakika na vyuo vikuu vyenye sifa, na kwa mara ya kwanza mtu wa tabaka la kati aliweza kutafuta lugha kwa gharama yake mwenyewe. Kisa cha Heinrich Schliemann, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuchimba Troya, kinafaa kusimuliwa taratibu. Mwaka 1844 alikuwa karani wa duka la biashara mjini Amsterdam. Tajiri wake alifanya biashara na Warusi, naye akaamua kujifunza Kirusi, lakini hakumpata hata mtu mmoja wa kumfundisha. Akanunua sarufi kuukuu, kamusi na tafsiri ya Kirusi ya hadithi ya Telemachus, akaanza kukariri. Halafu akaona kwamba kukariri bila msikilizaji ni kazi isiyo na nguvu. Akamkodi mzee maskini wa Kiyahudi kwa faranga 4 kwa wiki, aje kila jioni akae saa mbili amsikilize akisoma Kirusi kwa sauti. Mzee hakukielewa hata neno moja. Nyumba za Amsterdam zilikuwa na sakafu nyembamba za mbao, wapangaji wakachoshwa na makelele, na mara mbili Schliemann alilazimika kuhama. Hata hivyo aliweza kuandika barua za biashara, na mwaka 1846 tajiri wake alimtuma Sankt Petersburg, alikojipatia utajiri. Watu hukitaja kisa hiki kama ushahidi wa nguvu ya nia. Mimi nakiona pia kama ushahidi wa njaa: mtu alikuwa tayari kulipa ili tu pawe na uso mbele yake wakati anazungumza.

Waliobahatika zaidi walisafiri. Turgenev alikwenda Berlin mwaka 1838 kusikiliza falsafa, na maisha yake yote yakabaki nusu Ulaya. Vijana wengi wa Kirusi walimiminika Heidelberg, wakaanzisha huko chumba chao cha kusomea magazeti mnamo 1862, na mwaka 1869 Sofia Kovalevskaya alifika mji huo huo kutafuta hisabati ambayo vyuo vikuu vya kwao vilimnyima kwa kuwa ni mwanamke. Upande wa pili, mshairi Rainer Maria Rilke alikwenda Urusi mwaka 1899 na tena 1900, akiongozwa na Lou Andreas-Salomé, mzaliwa wa Sankt Petersburg. Alijifunza lugha kwa bidii, akamtembelea Tolstoy, na hata akatunga mashairi machache kwa Kirusi chenye makosa ya sarufi. Katika shule za Ujerumani kwenyewe, wakati huo lugha za kigeni zilifundishwa kama maiti, kwa kutafsiri sentensi na kukariri kanuni. Mwaka 1882 Wilhelm Viëtor alichapa kijitabu kikali cha kudai ufundishaji wa lugha ugeuke nyuma na kuanza na sauti na mazungumzo. Wafuasi wake waliibadilisha shule. Walichofanya kwa hakika kilikuwa kujaribu kuiingiza ndani ya kuta nne ile meza ya Novgorod.

Ni katika zama hizi Waswahili wanaingia katika simulizi hii, na wanaingia kwa mlango wa ukoloni. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ili kuwaandaa maafisa, wafanyabiashara na wakalimani. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake, na kwa kuwa seminari ilitaka wanafunzi wasikie lugha kutoka kwa wenyewe, iliwaajiri watu wa pwani: Sulaiman bin Said, Amur bin Nasur, na kuanzia 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake kubwa juu ya desturi za Waswahili ilichapwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Mabwana hao walikuwa, kwa wanafunzi wa Kijerumani, nafasi ya kuzungumza. Kwa wenyewe Berlin ilikuwa darasa lisilo na mwalimu, ambamo Kijerumani kilijifunzwa dukani, kwenye baridi na kwa wapangishaji. Bei ya nafasi hiyo ilikuwa chungu. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki, utawala wa kikoloni uliwazuia. Katika mkusanyiko mwingine wa Velten, uliochapwa 1901, Salim bin Abakari alisimulia kwa Kiswahili safari aliyoifanya mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, kutoka Berlin hadi Urusi na Siberia. Kwa hiyo maelezo ya Urusi kwa Kiswahili yana umri wa zaidi ya miaka 120, na yalitoka katika kalamu ya mtu aliyefika huko kupitia Ujerumani. Lakini huku nyumbani, utawala wa Kijerumani uliona ni rahisi zaidi kutawala kwa Kiswahili. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliwatoa makarani na maakida wa Kiswahili, na ni wachache waliokaribishwa ndani ya Kijerumani chenyewe. Mtawala akisemwa kwa lugha yake husikia mengi asiyotaka kuyasikia.

Vita vya 1914 vilivunja njia zote hizo, na papo hapo vikafungua njia ya ajabu, nayo ni kambi za mateka. Mamilioni walishikwa katika uwanja wa vita wa mashariki. Warusi walilima mashamba ya Ujerumani, Wajerumani na Waaustria walipelekwa hadi Siberia, na wengi walirudi makwao na lugha ambayo hawakuiomba. Wanasayansi wa Berlin waliona katika kambi hizo hazina; kati ya 1915 na 1918 tume maalumu ilizunguka na mashine za kunasa sauti, ikarekodi mateka wa mataifa mengi katika lugha zao. Mateka hakuwa na hiari ya kusema wala ya kunyamaza.

Baada ya mapinduzi ya 1917 Warusi walikimbilia Berlin kwa mamia ya maelfu. Mtaa wa Charlottenburg ulijaa maduka, magazeti na wachapishaji wa Kirusi kiasi cha wenyeji kuutania kwa jina la Charlottengrad. Mjerumani aliyetaka kusikia Kirusi mwaka 1923 alihitaji kupanda tramu tu. Kinyume chake hakikuwa hakika: Vladimir Nabokov aliishi Berlin kuanzia 1922 hadi 1937, akijikimu kwa kufundisha lugha na tenisi, na baadaye alisisitiza kwamba hakukijua Kijerumani vizuri, kwa kuwa alihofia kisije kikamharibia Kirusi chake. Miaka 15, na lugha ikabaki nje ya mlango! Katika mji huo huo, kuanzia 1929, aliishi Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari mtoto wa vita vya kwanza, aliyekuja kudai mshahara ambao Ujerumani haikumlipa. Alihudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaigiza katika filamu, akawafundisha wanafunzi wa chuo Kiswahili. Alikisema Kijerumani cha Berlin, na hakikumwokoa. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Na Moscow nayo ilikuwa imefungua chuo chake kwa watu wa mataifa yaliyotawaliwa, mwaka 1921. Jomo Kenyatta alisoma huko mwaka 1932 na 1933. Mashariki na magharibi zilianza kushindana kumkaribisha Mwafrika, kila moja kwa shabaha yake.

Katika Umoja wa Kisovieti wa kabla ya vita vya pili Kijerumani ndicho kilichoongoza kati ya lugha za kigeni mashuleni, na kwenye Volga kulikuwa na jamhuri nzima ya Wajerumani. Tarehe 28 Agosti 1941 amri ilitoka ya kuwahamishia watu hao Siberia na Kazakhstan. Lugha ambayo jana ilisemwa sokoni ikawa ya kunong'onwa. Vijana waliokuwa wamekisoma Kijerumani kwa ajili ya Goethe na Heine walivikwa sare wakawa wakalimani wa jeshi. Elena Rzhevskaya alikuwa mmoja wao, naye aliingia Berlin mwaka 1945 akiwa katika kikosi kilichochunguza mabaki ya Hitler. Mazoezi yao nje ya darasa yalikuwa mahojiano ya mateka.

Vita Baridi viliifanya lugha kuwa silaha ya ghala, na hapo ndipo serikali za magharibi zilipoanza kuunda kwa makusudi mazingira ambayo zamani yalijitokeza yenyewe. Uingereza, kati ya 1951 na 1960, iliwaweka vijana takriban 5,000 wa jeshi la lazima katika shule za Kirusi za Bodmin, Coulsdon na Crail. Walimu wengi walikuwa wakimbizi kutoka Urusi na nchi jirani zake, na hao hawakutosheka na sarufi. Waliwafundisha nyimbo, wakawaongoza kuigiza tamthilia nzima za Kirusi jukwaani. Waandishi Michael Frayn, Alan Bennett na Dennis Potter walipita huko. Jeshi lilitaka wasikilizaji wa redio za adui, likapata pia wapenzi wa Chekhov. Nchini Marekani, chuo cha Middlebury katika jimbo la Vermont kilikuwa na shule yake ya kiangazi ya Kijerumani tangu 1915. Ilifungwa katika joto la vita vya kwanza, ikarudi mwaka 1931, na ile ya Kirusi ikafuata mwaka 1945. Mwanafunzi huko hutia saini ahadi ya kutosema lugha nyingine yoyote, mezani, bwenini wala uwanjani. Satelaiti ya Kisovieti Sputnik ilipopaa tarehe 4 Oktoba 1957, hofu ikafungua mikoba ya serikali ya Marekani. Sheria ya mwaka uliofuata ikamwaga fedha katika lugha, na kule Minnesota zikaanzishwa kambi za watoto, ya Kijerumani mwaka 1961 na ya Kirusi mwaka 1966, ambako mtoto hupewa jina jipya na kununua peremende kwa lugha ya kigeni. Kijiji cha Volga kikajengwa upya msituni, bila Volga.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na kila kitu ambacho watu wa Minnesota walikiigiza, na bado ilishindwa. Kirusi kilikuwa cha lazima kuanzia darasa la tano. Shule ziligawa anwani za rafiki wa kalamu, na barua zikaenda Minsk na Tashkent zikiwa na stempu na picha za waimbaji. Palikuwa na treni za urafiki, na katika miaka ya 1970 maelfu ya vijana walikwenda Ukraine kujenga bomba la gesi. Hao walirudi wakikisema Kirusi kweli, pamoja na matusi yake. Lakini kwa watu wa kawaida, Warusi waliokuwa karibu zaidi walikuwa askari zaidi ya 300,000 waliofungiwa nyuma ya kuta za kambi, wasioruhusiwa kuchanganyika ovyo na wenyeji. Mtoto alikisoma Kirusi kwa miaka sita au minane huku Warusi wakipita barabarani ndani ya malori, na wengi walimaliza shule bila kuweza kuagiza chai. Hakuna mfano unaonielewesha vizuri zaidi tofauti kati ya lugha kuwepo na lugha kupatikana kuliko huo.

Kwa Afrika Mashariki ya uhuru, milango hiyo ilifunguka kwa kasi ambayo kizazi kilichotangulia kisingeiota. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Oginga Odinga aliwasaidia vijana wengi wa Kenya kupata nafasi za masomo katika nchi za kisoshalisti, wengine wakipita njia za mzunguko kwa sababu serikali ya kikoloni iliwanyima pasipoti. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa Kirusi tu. Baada ya hapo kazi ilibaki kwa bweni: mgeni mara nyingi aliwekwa chumba kimoja na mwanafunzi wa Kisovieti, wakapika pamoja, wakapanga foleni pamoja, na wakati wa likizo wakaenda pamoja katika vikosi vya ujenzi. Wapo waliokutana na ubaguzi mitaani, na waliowashuku wenzao wa chumba kuwa wanaripoti mazungumzo yao. Kirusi walikijua kwa mema na mabaya hayo yote. Leipzig nayo, kupitia taasisi iliyopewa jina la Herder, iliwaandaa wanafunzi wa kigeni kwa Kijerumani kabla ya kuwatawanya katika vyuo.

Zanzibar ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na wakaja walimu, madaktari na wahandisi, wakashiriki kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani yanayoonekana hadi leo. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ilikasirishwa na uwepo wa ndugu yake huyo, ikaondoa sehemu ya misaada yake, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kukataa mingine mwaka 1965. Kijana wa Unguja aliyekuwa anazungumza Kijerumani na fundi wa Kikwajuni alikuwa, bila yeye kujua, kipengele katika ugomvi wa Bonn na Berlin. Bonn nayo ilikuwa imekwisha kujipanga mapema: Taasisi ya Goethe ilifungua milango Nairobi mwaka 1963, na mwaka huo huo Deutsche Welle ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, huku Redio Moscow nayo ikisikika katika mawimbi mafupi. Kila upande ulizungumza nasi kwa Kiswahili kwanza, kama mwenye duka anayemwita mteja kwa lahaja ya kwao.

Kuanguka kwa ukuta mwaka 1989 na kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1991 kulipindua yote. Kirusi kikaacha kuwa cha lazima huko Ujerumani Mashariki, na walimu wake wakatafuta somo jingine. Askari wa mwisho wa Urusi wakaondoka Agosti 1994. Na wakati serikali ikikiondoa Kirusi mashuleni, watu walikirudisha mitaani. Wazawa wa wale Wajerumani wa Volga na wenzao wa sehemu nyingine za Urusi, zaidi ya milioni 2 pamoja na familia zao, walihama kutoka Kazakhstan na Urusi kwenda Ujerumani, na wengi lugha yao ya nyumbani sasa ilikuwa Kirusi. Mwanafunzi wa Berlin akaweza kukisikia kwenye duka la samaki wa chumvi huko Marzahn. Vyuo navyo vilieneza utaratibu wa tandem, uliokuwa umezaliwa katika mikutano ya vijana wa Ujerumani na Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960: watu wawili, kila mmoja anamfundisha mwenzake lugha yake, nusu saa kwa nusu saa. Kutoka Bochum, katika miaka ya 1990, utaratibu huo ukahamia katika barua pepe. Mwaka 2006 taasisi ya kubadilishana vijana wa Ujerumani na Urusi ikafunguliwa Hamburg, na kwa miaka 15 hivi watoto wa shule wakaishi katika nyumba za wenzao, huku na huko, wakila mezani kwa wenyeji.

Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na desturi hiyo ikakatika. Ndege za moja kwa moja zilisimama, vyuo vya Ujerumani vikasitisha ushirikiano rasmi, na mwaka 2023 nchi mbili hizo zikafungiana: Moscow ikapunguza idadi ya watumishi wa Kijerumani, walimu wakiwamo, na Berlin ikaagiza balozi ndogo nne kati ya tano za Urusi zifungwe. Wanafunzi wa Kimarekani na wa Ulaya wanaotaka Kirusi sasa hupelekwa Almaty, Bishkek, Yerevan au Tbilisi, kwa familia ambazo Kirusi ni lugha yao ya pili, na wakati mwingine lugha wanayoisema kwa moyo mzito. Ujerumani imewapokea Waukraine zaidi ya milioni moja. Wengi wanakijua Kirusi. Wapo wasiotaka tena kukitumia, na mwanafunzi mwenye adabu huuliza kwanza.

Afrika Mashariki, kwa upande wake, iko katika msimu wa milango kufunguliwa. Chuo cha Moscow kilirudishiwa jina la Lumumba mwaka 2023. Wakati wa korona ndege zilizojaa watalii wa Kirusi zilishuka Unguja, na mapapasi, yaani vijana wa ufuoni wanaowafuata watalii, wa Nungwi na Kiwengwa, ambao hakuna shule iliyowafikiria, wakajifunza kupatana bei kwa Kirusi ndani ya msimu mmoja; Fenne angewaelewa mara moja. Kijerumani kinavutwa na kazi. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi, na madarasa ya lugha ya Nairobi yamejaa wauguzi. Kati yao wapo wanaojitafutia masikio: wanarekodiana sauti kwa simu, wanafuata masomo ya bure ya Deutsche Welle, wanapanga vikundi vya jioni ambamo Kiswahili kinatozwa faini ya shilingi chache. Ngazi ya B2 ndiyo kwa kawaida inayotakiwa ili muuguzi atambuliwe kikamilifu. Akiisha kuipata atapangiwa labda wodi ya wazee katika mji mdogo wa Bavaria, na hao wazee watamweleza maumivu yao kwa lahaja ya kwao, ambayo haimo katika mtihani wowote aliofanya.